Mtego wa Kulwa na Doto

Vijana wa chumba cha kompyuta mmeniomba niandike machache kabla sijaanza kusahau majina yenu. Nimekubali kwa sharti moja: sitaeleza nilipandaje vyeo, kwa kuwa habari hiyo ni fupi na haina ladha. Nitaeleza kazi moja tu, ile ya kuifundisha mashine yetu kwamba Kulwa na Kurwa ni mtu mmoja. Wengi wenu mliikuta inajua tayari, mkadhani iliumbwa hivyo.

Niliingia shirikani miaka ya sabini, pale Shinyanga mjini. Shirika lilikuwa la kutafuta madini na lilikuwa na kambi zake kuanzia kwetu hadi Geita. Niliajiriwa kutoboa kadi. Siku hizo habari zote ziliingia kwenye mashine kwa kadi za karatasi ngumu, kila herufi na matundu yake. Chumba cha kompyuta kilikuwa na kiyoyozi, na kwa sababu hiyo hapakuwa na ofisi iliyotembelewa kwa visingizio vingi kama yetu. Mhasibu alikuja kuuliza saa. Dereva alikuja kumwulizia mhasibu. Sisi wenyewe tulivaa sweta, Shinyanga, mwezi wa kumi, huku watu wakipita nje wakijipepea kwa magazeti.

Mkuu wa chumba alikuwa Bwana Hiza, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko barabara yoyote ya mkoa wetu. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi bunda la kadi akaniambia nilipeleke upande wa pili wa chumba. Nikajikwaa kwenye waya. Kadi zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya kabati, nami nikaona kazi imekwisha kabla hata ya chai ya saa nne. Hiza hakupandisha sauti.

"Okota," alisema. "Kisha tazama kingo za kadi."

Juu ya kingo kulikuwa na mstari wa wino uliokatiza mshazari kutoka kona moja ya bunda hadi nyingine. Nilizipanga kadi mpaka mstari ukanyooka tena, na programu ikawa imerudi katika mpangilio wake. Baadaye sana niligundua kwamba ule waya aliutandaza yeye mwenyewe, na kwamba kila mgeni wa chumba kile alijikwaa palepale. Nilipokuja kuwa mkuu wa chumba, na mimi niliutandaza. Samahanini.

Hiza ndiye aliyenitoa kwenye kutoboa kadi akanifundisha kuandika programu. Lugha tuliyotumia ilikuja pamoja na mashine, na ilikuwa na kipaji kimoja nilichokipenda: kutafuta maneno kwa ruwaza. Unaipa mashine umbo la neno unalolitaka, nayo inapitia kumbukumbu zote ikikuletea yanayolingana na umbo hilo. Sisi ruwaza tuliita mtego. Mtego ulijua alama mbili tu. Nyota ilinasa chochote, kirefu kwa kifupi. Alama ya kuuliza ilinasa herufi moja yoyote. Ukiandika MA na nyota mbele yake unapata Masanja, Mabula, Maduhu na nusu ya Usukuma nzima.

Sasa niwatambulishe kwa Doto. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Mzee Ng'wandu, mfugaji wa upande wa Masumbwe. Tulipendana, tena sana, na sioni aibu kuandika hivyo katika karatasi ya mambo ya kazi. Wazazi walikuwa wameonana, ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wamekwisha kufika kwetu. Lakini kama jina linavyowaambia, Doto ni pacha wa pili. Wa kwanza, yaani Kulwa, alikuwa ameondoka nyumbani baada ya kukataa mchumba aliyechaguliwa na baba yake. Tulisikia yuko machimboni Rwamgasa anaponda mawe. Kisha tukasikia ameacha mawe, ameajiriwa na shirika letu katika kambi fulani. Baada ya hapo hatukusikia tena.

"Doto hawezi kumpita Kulwa mlangoni," Mzee Ng'wandu aliniambia nilipokwenda kuwasalimia. "Hata kama Kulwa hataki kuoa, aje aseme mwenyewe kwa kinywa chake: mdogo wangu, pita. Bila hivyo hakuna halusi."

"Na tusipompata, baba?"

"Mtampata. Wewe si unafanya kazi na ile mashine inayojua kila kitu?"

Mke wake, Mama Kulwa, alikuwa ameketi pembeni anapembua mtama. Alinitazama tu, akaendelea kupembua. Upande wa kwetu nako mambo yalikuwa yanachacha. Baba yangu alianza kumtaja mezani fundi mmoja wa pampu za maji, kijana mzuri, asiye na pacha. Akatamka wazi kwamba msimu wa kuuza pamba ukiisha bila harusi, atawarudisha ng'ombe wa watu. Pamba ilikuwa imekwisha kupasuka mashambani.

Jumatatu yake nikaiuliza mashine iniletee KULWA NGWANDU. Mashine ikajibu kwamba hakuna. Sikushangaa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiilisha. Kwetu L na R ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akikutajia jina lake, kuchagua herufi ni kazi yako wewe mwandishi. Tena mashine yetu ya kutoboa haikuwa na kile kimkato cha juu, kwa hiyo ng'ombe walikuwa ngombe na hakuna aliyelalamika. Karani Msukuma akisikia Ng'washi ataandika Ngwashi. Karani wa Moshi ataandika Mwashi. Karani mwenye mafua ataandika Nwashi. Mtu huyohuyo akihamishwa kambi mara mbili anakuwa watu watatu, na ofisi ya utumishi ilikuwa imeanza kulalamika kwamba shirika lina wafanyakazi wengi kuliko mabuti.

Nikajaribu alama ya kuuliza: KU?WA. Ikaniletea akina Kulwa, ikaniletea akina Kurwa, ikaniletea na dereva mmoja aitwaye Athumani Kubwa. Nikaenda kwa Hiza. Nilimwambia kwamba mtego unahitaji alama mpya, na kwamba sisi tunaweza kuiongeza, maana wauzaji walituachia kadi za programu ile inayoitafsiri lugha.

"Lugha haiongezwi viungo kama mchuzi," alisema.

"Ofisi ya utumishi inalalamika, Bwana Hiza."

"Ofisi ya utumishi ijifunze kuandika. Leo unaniambia L na R ni ndugu. Kesho utaniambia moja na mbili ni mashemeji."

"Ninamtafuta shemeji mmoja tu," nilisema. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anafuta miwani kwa ncha ya sweta.

"Kwa hiyo hii ni kazi ya shirika," alisema mwishowe.

"Ni malalamiko ya ofisi ya utumishi."

"Basi chukua kadi. Lakini usiniharibie lugha."

Niliiharibu wiki ileile. Kwa haraka zangu niliona njia fupi: ndani ya kitafsiri nikaiambia mashine kwamba popote inapokuta R katika mtego au katika kumbukumbu, ihesabu ni L. Kulwa na Kurwa wakapatana papo hapo, nami nikaenda nyumbani ninaimba. Sikukumbuka kwamba idara ya ustawi nayo ilitumia kitafsiri hichohicho kwa taarifa zake mbili. Moja ilihusu waliokula kantini, na kila kadi yake ilianza na neno KULA. Ya pili ilihusu uchaguzi wa kamati ya wafanyakazi, na kila kadi yake ilianza na neno KURA.

Matokeo yalibandikwa ubaoni asubuhi. Mwenyekiti mpya wa kamati alikuwa Bwana Shija wa stoo, mtu mpole ambaye hakugombea, ila alikuwa na mazoea ya kurudia sahani. Alikuwa amewashinda wagombea wote kwa mbali sana. Watu walimbeba juu juu mpaka getini. Aliyedhani ameshinda alikuja chumbani kwetu amevaa suti, akataka kujua ni lini alishindwa na maharage.

Hiza alimtuliza, akamsindikiza mlangoni, kisha akanigeukia.

"Kwetu Tanga," alisema, "kula ni kula, na kura ni kura."

"Hapa kwetu aliyekula ndiye anayepigiwa, Bwana Hiza."

Alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia. Alicheka mpaka akaketi juu ya boksi la kadi. Kisha akavuta kiti na kwa mara ya kwanza akaniambia tuifanye kazi hiyo pamoja. Nadhani hadi hapo alikuwa anaona ni mambo ya mapenzi. Baada ya Bwana Shija aliona ni mambo ya lugha, na lugha aliijali zaidi.

Tulichoongeza ni mabano, na hili ndilo hasa nililotaka mlijue nyinyi mnaoyatumia kila siku. Ukiandika KU(L/R)WA, mashine inafika kwenye mabano, inajaribu L, ikishindikana inajaribu R, basi. Uhuru unatolewa pale tu ulipouomba, na kantini inabaki salama. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Kwenye mashine ilitutoa jasho hata ndani ya kiyoyozi, kwa sababu nilisahau jambo moja. Mashine ilijaribu njia ya kwanza, ikaenda herufi mbili tatu mbele, ikagonga ukuta, kisha ikaanza kujaribu njia ya pili kuanzia pale ukutani. Ikawa inaleta majina yasiyolingana kabisa na mtego.

"Minza," Hiza aliniuliza, "wewe ukikosea njia panda ya Kahama, unafanya nini?"

"Ninarudi."

"Unarudi wapi?"

"Njia panda."

"Basi iambie na mashine."

Tukaifundisha kuweka alama kila inapofika njia panda, na kurudi hapo kabla ya kujaribu njia nyingine. Mpaka leo kijana akiniletea programu yenye kichaa, swali langu la kwanza ni hilo la Kahama. Baadaye tukaona uvivu kuandika mabano yaleyale kila mara, tukaiwezesha lugha kuyapa mabano jina. Alama ya dola ikifuatwa na NGW ikawa na maana ya NGW au MW au NW au GW. Hiza aliandika mwenyewe kanuni zake kwa mwandiko wa shule ya msingi, akazibandika ukutani. Nilimwona akirudi kuzitazama mara kwa mara, akijifanya anatazama kalenda.

Siku mtego ulipokamilika, niliuandika kwa jina la shemeji yangu, herufi zote zikiwa na uhuru wake. Ofisi ya utumishi tayari ilikuwa imeutumia asubuhi na kuwaunganisha Masalu na Masaru wengi mno. Printa ikapiga kelele zake, karatasi ikashuka. Walikuja Kulwa, Kurwa, Kurua na Kulua kutoka kila kambi. Mwana wa Ng'wandu hakuwamo. Nikaurudia mtego, nikaupitia herufi kwa herufi, nikauendesha tena. Hakuwamo.

Nilikwenda nyuma ya jengo, penye mapipa ya dizeli, nikalia. Pamba ilikuwa imejaa maghalani, na juzi yake yule fundi wa pampu alikuwa amekuja kwetu kutazama pampu ambayo haikuharibika.

Doto alinikuta hapo baada ya shule. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya kubembeleza. Aliketi kwenye pipa, akaanza kunisimulia mambo ya utotoni ili nisahau.

"Unajua kitu kinachochosha kwa pacha ni nini? Kila unakopita: wewe ni Kulwa au Doto? Sokoni, kanisani, kwenye majosho ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nabisha, hapana, mimi ni Doto. Kulwa hakuwa anabisha. Yeye walivyomwita, aliitika."

"Aliitika Doto?"

"Hasa kama Kulwa ndiye aliyekuwa anatafutwa achapwe."

Nilinyanyuka nikamwacha palepale kwenye pipa. Hiza alikuwa anafunga mlango. Nilimwomba afungue, nikaketi nikaandika mabano mapya: Kulwa kwa namna zake zote, au Doto, au Dotto, au Ndoto, yakifuatwa na Ng'wandu kwa namna zake zote. Hiza alisoma begani kwangu.

"Utayapa jina gani?"

"PACHA."

"Weka dola," alisema.

Tukauendesha. Karatasi ilishuka mstari mmoja: DOTTO MWANDU, msaidizi wa mashine ya kutoboa miamba, kambi ya karibu na Rwamgasa, mzaliwa wa Masumbwe. Doto wangu alikuwa amenifuata hadi mlangoni. Niliishika ile karatasi mbele ya macho yake. Aliisoma, akaisoma tena.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Wewe uliwahi kutoboa miamba?"

"Hapana." Kisha uso ukambadilika, akapiga kelele iliyomfanya mlinzi aje mbio. "Ameniibia jina!"

Hiza alituandikia ruhusa ya kupanda Landrova ya mahitaji inayokwenda kambini. Sababu ya safari aliandika: kuhakiki ruwaza. Tuliketi juu ya magunia ya unga, tukapigwa na vumbi njia nzima, na nilipofika nilikuwa wa rangi moja na barabara. Mpishi wa kambi alitupokea kwa kumkaripia mchumba wangu.

"We Doto! Unatoka wapi na viatu vya kialimu? Zamu yako imeanza!"

"Mimi siyo Doto. Yaani, mimi ndiye Doto."

"Najua wewe ni Doto. Nenda kazini!"

"Doto siyo huyo wenu, ni mimi."

"Jua limempata," mpishi aliniambia kwa huruma. "Mpeleke kivulini, dada."

Ndipo Kulwa akatokea nyuma ya hema, kofia ngumu kichwani, matope hadi magotini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufanana kwao, lakini si kwa kiasi hicho. Walitazamana. Nilidhani watagombana, badala yake walianza kucheka kwa sauti moja, na mpishi akaangusha mwiko.

"Nyumbani," Kulwa alituambia tulipokwisha kunywa maji, "Kulwa ndiye anayeoa kwanza, anayelima kwanza, anayelaumiwa kwanza. Siku ya kuandikishwa kazi kalani akaniuliza, wewe ni Kulwa au Doto? Nikaona hii ni bahati. Doto hana matatizo."

"Doto hana mke!" mdogo wake alisema. "Kwa sababu yako."

Hilo Kulwa hakulijua. Aliacha kucheka. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi kuomba likizo, na akarudi ameshika shati safi.

Tulifika Masumbwe mchana. Mzee Ng'wandu alikuwa zizini. Tulimwamkia, akaitikia "malahaba" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile mwanawe alikwenda kuchota maji akachelewa kidogo. Wazee wa jirani waliitwa. Kulwa akasimama katikati ya uwanja, akamwekea Doto mkono begani ili atamke yale maneno. Mama Kulwa alikuwa mlangoni. Tangu tuingie alikuwa hajamwondolea macho mwanawe, kinywa wazi kwa furaha.

"Mdogo wangu, pi—"

"Ngoja," alisema mama.

Watu wote waligeuka. Alikuja polepole mpaka katikati, akawashika wanawe wote wawili mikono, mmoja kulia, mwingine kushoto.

"Baba Kulwa," alimwambia mumewe, "nani mdogo hapa, wala sijui. Siku ile mvua ilikuwa inavuja ndani, nikazimia. Nilipozinduka mkunga alikuwa amewaosha wote akawalaza kwenye ungo mmoja, naye hakukumbuka nani alitangulia. Nikamwita Kulwa yule aliyeanza kunyonya."

Mzee Ng'wandu aliketi kwenye kigoda ambacho kilikuwa cha mtu mwingine.

"Miaka yote hii umenyamaza!" alisema hatimaye. "Na huyu binti wa watu anahangaika na mashine, baba yake anataka kurudisha ng'ombe, na wewe unapembua mtama. Ungesema neno moja tu, halusi ingekuwa imepita zamani."

"Ingepita," Mama Kulwa alisema, "mngekula, mngecheza, mngelala. Nani angekwenda kunitafutia mwanangu?"

Kulwa alivua kofia yake, akaketi chini miguuni pa mama yake.